Hedifoni ya Kaka na Mzigo wa Sepuka

Kwa nusu ya msimu mmoja wa alizeti kazi yangu ofisini ilikuwa kushika simu. Sisemi kupokea simu. Kupokea ni kazi ya mtu mwenye kauli. Mimi niliishika tu, nikaibandika kwenye sikio la kaka yangu, nimesimama nyuma ya kiti chake kama kinyozi, huku yeye akiongea na kuandika. Mazungumzo yakiisha naitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake. Ikilia naitoa tena.

Kaka alikuwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi. Ule wa kushoto ulikuwepo, umevikwa shati kama mwenzake, lakini tangu lori lilipomlalia kwenye mteremko wa Sekenke ulikuwa unaning'inia tu, haumsikilizi. Hospitali walifanya walichoweza. Yeye mwenyewe alikuwa akisema mkono ule umestaafu mapema, ila bado unakula nyumbani.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha ghala, mjini Singida: meza, viti vitatu, mizani ya kusimama, na mlango mpana uliokuwa ukiingiza vumbi na wakulima kwa pamoja. Tulipokuwa wadogo mazao yote yalinunuliwa na ushirika. Mkulima alipeleka gunia, akarudi na karatasi, akaisubiri ile karatasi igeuke kitu. Baadaye biashara ikafunguliwa, na kila mwenye mizani na mahali pa kuiweka akawa mnunuzi. Baba akafungua. Jirani wa ng'ambo ya barabara naye akafungua. Baba alipofariki kaka akakalia kiti chake, na mtaji wa baba mdogo ukabaki humo humo ndani, pamoja na macho ya baba mdogo.

Simu za mkononi zilipofika, biashara ikahamia sikioni. Zamani ungeweza kupanga bei asubuhi ukaenda kunywa chai. Sasa tajiri wa Dar anapiga kabla hujafungua mlango, anauliza mzigo umefika kiasi gani, umekauka au bado una unyevu, lori litaondoka lini. Unamjibu, unaandika alichosema, unapima gunia lililo mbele yako, na mwenye gunia anakutazama usoni kuona kama unamwibia. Kazi hiyo inataka mikono miwili, na hata hiyo miwili haitoshi. Kaka alijaribu kubana simu kwa bega. Shingo ikakakamaa mpaka akawa anaangalia wateja kwa upande, kama kuku. Siku moja simu ikateleza ikaingia kwenye gunia lililo wazi, ikabidi limwagwe lote sakafuni kumtafuta tajiri, na alipopatikana alikuwa ameshakata.

Ndipo nikaletwa mimi. Nilikuwa nauza vitunguu sokoni, mwanamke wa maneno, watu walikuwa wakinikwepa kwa sababu nikinunua kitu napunguziwa bei mpaka muuzaji anaomba nimwachie japo nauli. Kunisimamisha nyuma ya kiti nikae kimya ilikuwa adhabu. Nilikuwa nasikia kila kitu. Tajiri akitaja bei ya chini namfinya kaka begani.

"Usinifinye," alikuwa akininong'oneza. "Nasikia mwenyewe."

"Kama umesikia mbona hujakasirika?"

"Nimekasirika. Shika simu vizuri."

Baba mdogo alikuwa akija mara kwa mara, anakaa kwenye kiti cha tatu, anatutazama. Hakuwa mtu mbaya. Fedha zake zilikuwa ndani ya yale magunia, na alikuwa na mtoto wa kiume aliyemaliza shule, mwenye mikono yote miwili. Siku moja akaniita nje.

"Mwanangu, hii ofisi ina watu wawili wanaofanya kazi ya mtu mmoja. Mpumzishe kaka yako. Arudi Mwankoko, ana shamba, ana nyumba, hakosi kitu. Mdogo wake ashike hapa."

"Baba, yeye hajasema amechoka."

"Mgonjwa hasemi. Msimu ukikaribia kuisha tutakaa kikao."

Sikumwambia kaka, lakini alijua. Watu wanaokaa kimya kwenye kiti cha tatu wanajieleza wenyewe. Na mimi nilijua kitu ambacho baba mdogo hakukijua: kaka akirudi Mwankoko kukaa barazani, hatakaa. Atakufa kidogo kidogo, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Kilichokuwa kikimfanya ajiite mtu mzima baada ya Sekenke kilikuwa ni kile kiti na ile mizani.

Hedifoni isiyo na waya niliiona kwanza kwenye sikio la mtu aliyeshuka kwenye gari kubwa mbele ya hoteli, anaongea na hewa. Nilimfuata mpaka mlangoni, si kwa ajili yake. Kesho yake nikaenda kwa kijana wa duka la simu karibu na stendi. Alikuwa nayo moja, kwenye kioo, imelala kwenye sponji kama pete ya harusi.

"Hii dada ni ya wakubwa. Mabosi wa Dar wote wanavaa."

"Mabosi wa Dar wana mikono miwili. Ya mtu wa mkono mmoja bei gani?"

"Bei ni moja, dada yangu. Hii haina waya hata kidogo."

"Ndiyo maana nasema upunguze. Waya hamna, halafu unataka nilipe kama upo."

Akacheka, na mtu akicheka tu mimi najua ameshaingia njia ya kupunguza. Nikamwambia nataka kuijaribu. Tukaiunganisha na simu ya kaka niliyokuja nayo, nikamwomba anipigie, nikaiacha simu juu ya meza yake na kutoka nje na kile kidude sikioni. Nikapita kibandani kwa fundi cherehani.

"Unanisikia, dada?" sauti ikaja sikioni.

"Nakusikia vizuri sana. Taja bei ya mwisho."

"Ni ile ile niliyosema."

"Hapo mtandao unakatika."

Alinipunguzia. Pia nilipata chaja ya pili na vile vipira vya kuvalisha sikioni, ambavyo nilivihesabu, nikavihesabu tena, na kimoja kikaonekana kilikuwa kimebaki kwenye sponji.

Kaka aliivaa kwa aibu siku ya kwanza, kama mwanaume anayejaribu kofia ya mkewe. Simu ikalia. Akabonyeza kile kidude kwa kidole, akasema, "Naam," kisha akaitazama kalamu yake. Mkono wake ulikuwa mtupu, yaani ulikuwa wake. Akaandika. Akainuka huku akiongea, akaenda kwenye gunia la kwanza, akachota alizeti kiganjani, akaziminya, akasema: "Mzee, ninazo mkononi sasa hivi. Zimekauka. Nikizitikisa zinalia." Akazitikisa karibu na sikio. Kule Dar mtu akazisikia. Tajiri aliyekuwa akibisha unyevu kwa nusu saa kila asubuhi hakubisha tena siku ile.

Nimefanya kazi nyingi na nimeona vitu vingi vinavyouzwa kwa kusema vinarahisisha kazi. Vingi vinarahisisha kazi ya muuzaji. Hiki kilifanya kilichosemwa. Kaka alipima huku akipanga lori. Aliandika stakabadhi kwa mwandiko ulionyooka. Shingo ikarudi mahali pake. Hesabu ya magunia ikawa haipotei katikati kwa sababu ya mlio wa simu, na mimi niliyekuwa kishikio nikawa mtu wa mizani ya pili, ile ya kuning'iniza, kwa hiyo foleni mlangoni ikapungua na wakulima wa mbali wakaanza kurudi kwao jua likiwa bado juu. Ofisi iliyokuwa na watu wawili wa kazi ya mtu mmoja ikawa na watu wawili wa kazi ya watatu. Nilijiona nimefanya biashara nzuri kuliko zote, ila kwa kitu kimoja: sikusikia tena Dar wanasema nini. Nilikuwa namwona kaka anatikisa kichwa, nami nakaa na hamu ya kumfinya.

Tatizo lilianza kwa watu wasiojua. Kidude chenyewe kilikuwa kidogo na cheusi, na kaka alikuwa na nywele nyingi. Mtu akipita mlangoni anamwona mwenye ofisi anazunguka kati ya magunia, anabishana, anacheka, anaapa, na hakuna mtu. Ikaanza kusemwa taratibu kwamba lile lori la Sekenke halikugonga mkono peke yake. Mama muuza maandazi aliniuliza kwa huruma kama tumeshampeleka kusomewa. Nilimwonyesha kile kidude. Akasema ameelewa, lakini siku iliyofuata alileta maji ya dua kwenye chupa.

Hayo tungeyamaliza kwa kucheka. Lakini kulikuwa na mzee wa Sepuka.

Mzee huyu alikuwa ndiye msimu wetu. Majirani zake, kaya nyingi, walimpa mazao yao ayapeleke kwenye mizani moja, kwa sababu waliamini macho yake kuliko mizani yoyote. Anapoamua kupima kwako, Sepuka nzima imepima kwako. Alimfahamu baba yetu kabla hajaoa. Asubuhi ile trela la kwanza lilisimama nje, akashuka, akavua kofia, akaingia.

Kaka alikuwa amekaa anaandika, uso wake umeelekea mlangoni. Akainua macho, akamtazama mzee moja kwa moja, lakini macho yalikuwa hapo tu kama dirisha lililoachwa wazi. Dereva wetu alikuwa anapiga kutoka Manyoni, na ni kijana mwenye adabu.

"Marahaba!" kaka akasema kwa sauti. "Hujambo? Umelala wapi?"

Mzee akageuka kutazama nyuma yake kama kuna mtoto. Hapakuwa na mtoto. Mimi nilikuwa kwenye mizani na gunia limening'inia, nikaona uso wa mzee unafunga, taratibu, kama duka. Akavaa kofia yake akatoka.

Nilimkimbilia. "Mzee, shikamoo! Mzee!"

"Marahaba, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona unaondoka, mzee wangu?"

"Naenda pale ng'ambo. Nasikia wao bado wanaamkia watu."

Na trela likavuka barabara. Jirani mwenyewe alitoka nje kulipokea, akapiga goti kidogo alipoamkia, akijua ninatazama.

Kaka alipomaliza simu aliuliza, "Mzee wa Sepuka hajafika tu?" Nikamweleza. Alikitoa kile kidude sikioni, akakitia kwenye droo, akaisukuma droo kwa goti.

"Njoo ushike simu," akasema.

Baba mdogo alifika jioni ile ile. Habari za mji wetu hazihitaji simu.

"Nimeambiwa anaongea peke yake, na sasa anapokea shikamoo za hewani, za watu wasioonekana. Mwanangu, hii imetosha. Ijumaa nikitoka msikitini nitakuja kukaa hapa nione kwa macho yangu. Nitakachokiona ndicho nitakachokisema kikaoni."

Kwa hiyo tulikuwa na siku chache, na mzigo mwingine wa Sepuka ulikuwa bado unapepetwa. Nikamwambia kaka twende. Akasema aende kufanya nini, kuonyesha kidude? Nikamwambia kwenda kuamkia.

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu. Mzee tulimkuta uani, wake za wanawe wanapepeta, makapi yanaruka na upepo. Kaka alimwamkia kwa mkono wake mzima, ameinama, kisha akaendelea kwa Kinyaturu, ambacho yeye anakijua vizuri kuliko mimi. Mimi nakijua cha sokoni, cha kupunguza bei tu. Mzee aliitikia yote. Hakuwa na hasira ya kuonekana, na hiyo ndiyo hasira mbaya.

"Sina ugomvi na wewe," alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Ila mzigo wangu nao hauna ugomvi na jirani yako."

Kaka akatoa kile kidude, akamwekea kiganjani, akamweleza. Mzee akakigeuza, akakinusa.

"Kwa hiyo siku ile uliamkiwa na nani?"

"Na dereva wangu, mzee. Yuko Manyoni."

"Kijana?"

"Kijana."

"Basi kijana wa Manyoni kaamkia, kajibiwa, kaulizwa na alipolala. Mimi nilikuwa Manyoni?"

"Hapana, mzee. Ulikuwa mbele yangu."

"Mimi nililala wapi, uliniuliza?"

Mmoja wa wale wanawake alicheka ndani ya ungo wake. Kaka akatazama chini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kueleza kwamba marahaba ile haikuwa yake, kwamba hakudharauliwa, ni mambo ya mitambo. Maneno yangu yote yakawa bidhaa isiyo na mnunuzi. Mzee hakukasirika kwa kupewa ile marahaba. Alikasirika kwa sababu alisimama ndani ya ofisi ya mtoto wa rafiki yake na hakuwa amefika.

"Tufanye hivi," mzee akasema. "Nikiingia, hiki kinatoka sikioni kwanza. Kabla ya neno lolote."

"Mzee," kaka akasema, "tajiri wa Dar hasubiri. Akiona kimya anakata, anampigia jirani. Na mzigo wako ndio anaouliza."

"Kumbe mimi ndiye nasubiri?"

Hapo nikaona ni kazi yangu. "Mzee wangu, tupunguziane. Amalize japo sentensi moja."

"Sentensi ya mfanyabiashara haina mwisho, binti."

"Basi akuinulie kiganja, ujue anakuja."

"Nimesubiri ushirika miaka yote ile, wananiinulia viganja dirishani. Hapana."

"Basi na wewe utupe kitu. Usiingie kimya kimya kama paka. Piga hodi ukiwa bado nje kwenye trela, kwa nguvu, ili apate muda wa kukitoa."

Akanitazama, akamtazama kaka. "Huyu ndiye aliyekuwa anauza vitunguu?"

"Ndiye," kaka akasema.

"Nilidhani. Haya. Hodi nitapiga."

Njiani kurudi kaka hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alisema kile kidude kilimrudishia mkono, na sasa ameahidi kuutumia ule mkono mmoja kukivua kila atakapopiga hodi mzee, na atakuja mwingine, na mwingine, nusu ya wateja wetu ni wazee. Kazi iliyookolewa itaishia hapo. Nikamwambia haiishii. Mkono umerudi ili ufanye nini, kama si kupewa watu? Taa za mji zilipoonekana akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Alisema akiwa na simu sikioni anajisikia mzima, kwa sababu watu wa Dar hawauoni mkono wake. Ndiyo maana anawasikiliza kuliko walio mbele yake.

Hata mimi kuna vitu sibishani navyo.

Ijumaa baba mdogo alikuja na kanzu yake nyeupe, akakaa kwenye kiti cha tatu, akaweka tasbihi gotini. Kaka alikuwa na kidude sikioni. Nilimwomba asikifiche, akapunguze nywele, naye alikuwa amenyoa, kwa hiyo kilionekana wazi kama kipepeo kwenye ukuta. Tajiri wa Dar alipiga. Ilikuwa simu kubwa: alitaka mzigo wote uliobaki, wa lori zima, na alitaka jibu hapo hapo, kwa sababu alikuwa na watu wengine wa kuwauliza. Kaka akawa anaandika, anahesabu, anasimama, anakaa. Baba mdogo akamfuata kwa macho kila alikoenda.

"Hodi!" ikapigwa nje, kwa nguvu za mtu aliyeahidi.

Kaka akasimama katikati ya neno. Nilimwona anasita, kalamu hewani, na nikajua kule Dar kuna swali linaloning'inia. Angeweza kuinua kiganja. Mzee alikuwa bado hajaonekana mlangoni. Kisha akaweka kalamu chini, akakivua kile kidude, akakiweka juu ya meza, akatoka nyuma ya meza na kwenda mpaka kizingitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umelala salama? Za nyumbani?"

"Njema. Nimelala Sepuka."

"Mama yetu hajambo? Ng'ombe je?"

Mzee hakuwa na haraka. Alieleza habari za ng'ombe, mmoja mmoja, na habari za mvua iliyopita, na mguu wake. Kaka alimshika mkono muda wote huo, na mkono wake uliostaafu ulikuwa ukining'inia pale mbele ya kila mtu, na hakuuficha nyuma. Juu ya meza kile kidude kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba, kama nzi ndani ya kibiriti: "Haloo? Haloo, upo?" Nilitaka kukikamata. Lori zima lilikuwa mle ndani. Lakini nilikuwa nimeshikilia ndoano ya mizani, na mtu mwingine alikuwa karibu zaidi.

Baba mdogo alikitazama kwa muda. Akamtazama kaka, na mzee, na trela lililojaa nyuma yao. Kisha akakiinua kwa vidole viwili, akakiweka mbele ya mdomo kwa sababu hakujua upande wa kuongelea, na kwa sauti ya mtu anayekatisha maneno ya mtoto akasema:

"Subiri wewe. Mwenyewe ana mgeni."